Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya mafuta na barabara: lita zinazoungua lori likiwa limesimama

Waheshimiwa Mawaziri wa Nishati, Fedha, Ujenzi na Uchukuzi. Wakurugenzi wa EWURA (udhibiti wa nishati na maji), TANROADS (barabara kuu) na LATRA (usafiri wa ardhini). Na waheshimiwa wabunge mnaoketi Dodoma kupitisha bajeti,

Salaam kutoka Makambako.

Mimi ni mwenye malori mawili, yote semi. Nilianza kazi hii mwaka 1996 nikiwa utingo, kijana wa kulala chini ya tela na kukimbia na jiwe la kuwekea tairi kila gari liliposhindwa mlimani. Baadaye nikawa dereva wa magari ya watu. Mwaka 2012 nikanunua kichwa changu cha kwanza, kikuukuu, na mwaka 2019 nikapata cha pili kwa mkopo wa benki ambao dhamana yake ni nyumba ninayolala na watoto wangu. Nayasema haya ili mjue kwamba njia ya Dar es Salaam mpaka Tunduma, mpakani na Zambia, naijua tuta kwa tuta, na kwamba hesabu nitakazoziandika hapa zimetoka kwenye daftari langu.

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi nyumba yangu huamka na wasiwasi. Siku hiyo EWURA hutangaza bei kikomo, yaani bei ya juu kabisa ambayo kituo kinaruhusiwa kuuza mafuta, na bei mpya huanza kutumika siku hiyo hiyo. Kabla sijanywa chai, dereva amekwisha kupiga simu kutoka Dar es Salaam: "Mzee, ngapi?" Namtajia. Ikiwa imeshuka anacheka, ikiwa imepanda anakaa kimya, kisha ananiuliza ajaze tenki zote mbili au moja. Swali hilo ni zito kuliko linavyosikika, kwa sababu jibu lake ndilo linaloamua kama mwezi huo nitalipa rejesho la benki au nitanunua mafuta.

Najua bei ile inavyopatikana. Mafuta tunayotumia yanakuja kwa meli kutoka nje na yananunuliwa kwa dola. Tumeweka utaratibu wa kuagiza kwa pamoja, wauzaji wanashindanishwa kwa zabuni, na mzigo unapokelewa Dar es Salaam, Tanga na Mtwara. Yakipanda huko yanakotoka, yatapanda na Makambako, tena Makambako tunaongezewa na gharama ya kuyafikisha huku milimani. Kwa hiyo siandiki kuwaomba mshushe bei ya dunia, maana hiyo haimo mikononi mwenu. Naandika juu ya yale yaliyomo.

Nitachukua miezi mitatu tu, maana ndiyo iliyoniumiza na ndiyo iliyonifundisha kuandika daftari. Agosti 2023 bei kikomo ya dizeli Dar es Salaam ilikuwa shilingi 2,935 kwa lita. Septemba ikawa 3,259. Oktoba ikawa 3,448. Jumatano mbili, shilingi 513 juu. Wengi mtaukumbuka msimu ule kwa uhaba pia: unafika kituoni unakuta kamba imefungwa kuzuia magari, cha mbele yake wanakuambia lita hamsini tu kwa kila gari, na gari lenye tani thelathini za mzigo haliwezi kupanda mlima Kitonga kwa lita hamsini.

Agosti hiyo nilikuwa nimesaini mkataba wa kubeba mbolea kutoka Dar es Salaam kuipeleka Songwe. Mwenye mzigo simtaji. Bei ya tani ilipangwa kwa dizeli ya Agosti, na malipo yalikuwa siku 60 baada ya kuwasilisha hati za kupokelewa kwa mzigo. Nilisaini. Ukikataa wewe, nyuma yako wamesimama kumi, na kati yao yupo mwenye deni kubwa kuliko lako ambaye atakubali chochote.

Safari ya kwenda Tunduma na kurudi Dar es Salaam ni kama kilomita 1,850. Gari langu likiwa limeshiba mzigo linakwenda kilomita mbili kwa lita. Likirudi na mzigo mwepesi linafika mbili na nusu na kidogo. Napanga lita 820 kwa safari nzima. Zidisha 820 kwa 513: shilingi 420,660 zimeongezeka kwa safari moja, bila mzigo kuongezeka hata kilo. Magari mawili, safari mbili kila moja kwa mwezi, ni shilingi 1,682,640. Hiyo ilikuwa faida yangu yote na zaidi. Mwenye mzigo nilimpigia simu, nikamwandikia, nikamfuata ofisini. Jibu lilikuwa moja: mkataba ni mkataba. Na kwa karatasi alikuwa sahihi.

Hapa ndipo naomba mtulie nami kidogo. Bei ya dizeli inabadilika kila mwezi, tena kwa tangazo la serikali. Bei ya kubeba mzigo haibadiliki mpaka mkataba uishe. Dizeli nainunua leo kwa fedha taslimu, maana mwenye gari mbili hakopeshwi mafuta. Kampuni kubwa zina makubaliano yao na wauzaji, sisi tunasimama kwenye pampu tukiwa na fedha mkononi. Halafu mimi nalipwa baada ya siku 60, na zile 60 zikawa karibu 90. Fedha za safari za Oktoba niliziona Januari. Kwa miezi yote hiyo mimi ndiye niliyekuwa benki ya mtu ambaye ghala lake ni kubwa kuliko mtaa ninaokaa.

Novemba nikaliweka gari la pili juu ya mawe. Nilivua tairi sita nikalivisha lile linalotembea. Dereva wake ni kijana niliyemlea tangu akiwa utingo. Nilimwita nyumbani, tukala kwanza, ndipo nikamwambia. Hakusema neno la lawama. Aliomba tu nimwandikie barua ya kuonyesha kwamba aliwahi kufanya kazi kwangu na kwamba hakuwahi kuangusha gari.

Mtauliza, basi wamiliki wengine wanaishije? Nitawaambia yanayofanyika, mazuri na mabaya, kwa sababu nadhani mezani kwenu hufika namba tu.

Yapo ya busara. Dereva wangu akiwa na mzigo haruhusiwi kuzidi kilomita 65 kwa saa. Upepo wa tairi unapimwa kila asubuhi, kwa kuwa tairi laini inakula mafuta kama gia mbovu. Filta inabadilishwa kwa wakati hata kama fedha ni ya kuungaunga. Mzigo wa kurudi tunautafuta kwa simu siku tatu kabla gari halijashusha, ingawa hapo tunakutana na dalali, naye anajua kabisa kwamba mtu aliyeko Tunduma na tenki nusu hawezi kugoma. Anakupa bei ya kukufikisha nyumbani tu, nawe unaipokea.

Halafu yapo ya hatari. Kando ya barabara kuu yanauzwa mafuta ya vidumu. Mengine yamenyonywa kwenye matenki ya magari, mengine yamechanganywa na mafuta ya taa, na bei yake inamvutia yeyote aliyebanwa. Nilishawahi kuyanunua mwaka 2022, mara moja. Nozeli ziliharibika, pampu ikafuata, na fundi alinitoza zaidi ya nilichookoa kwa mwaka mzima. Sijarudia. Lakini namwelewa anayerudia.

Madereva nao. Posho ya safari niliyokuwa nampa dereva ilitosha kula na kulala njiani; vyakula vikapanda, posho ikabaki pale pale, kwa sababu mimi mwenyewe sikuwa na cha kuongeza. Dereva akaanza kuuza lita ishirini hapa, lita thelathini pale. Wamiliki wengi huita huo wizi wakaishia hapo. Mimi nilikaa na dereva wangu tukapatana: lita 820 ndizo za safari, ukirudi na zilizobaki, nusu ya thamani yake ni yako. Mafuta yaliacha kupotea. Ila nikagundua nimefungua mlango mwingine. Dereva anayelipwa kwa lita alizookoa atatamani kushuka mlima akiwa ameweka gia nyutro, akidhani injini haitakula mafuta. Kwa gari lenye uzito wa tani hamsini na kitu, kushuka Kitonga, Iwambi au Senjele kwa nyutro ni kuziachia breki kazi ambayo haziiwezi. Zinashika moto, zinakataa, na mbele yako kuna basi, kuna bodaboda, kuna soko. Ajali za miteremko ile mmezisikia nyote, na salamu za rambirambi mmezitoa. Mimi nilifuta yale mapatano, nikarudi kwenye posho ya kawaida, nikakubali hasara. Najua wapo ambao bado hawajafuta. Bei ya mafuta ikipanda, kishawishi hicho kinapanda nayo. Sikuona mahali popote katika mijadala ya bei ambapo jambo hili limetajwa, ndiyo maana nalitaja.

Sasa nifike kwenye kiini cha barua yangu.

Tangu miezi ile nimekuwa naandika saa ambazo injini inawaka na gari haliendi, au linasogea hatua kumi na kusimama. Foleni ya mizani ya kupima uzito wa magari. Foleni ya kuingia Tunduma. Kusimamishwa kwa ukaguzi wa nyaraka zile zile zilizokaguliwa kilomita arobaini nyuma. Kusubiri kupakia. Mtu atasema, zima injini. Tunazima tunapoweza. Lakini foleni inayosogea kila dakika tano huwezi kuizimia, betri na stata havitavumilia, na breki za upepo zinahitaji injini iwake ili zijae. Injini kubwa ikiwa imewaka tu inakula lita mbili mpaka tatu kwa saa. Gari lililoshiba likiwa linasogea na kusimama, linakula zaidi.

Safari moja ya Oktoba 2023 ilimaliza lita 905. Zimezidi 85. Nilidhani zimeibiwa, nikamkalisha dereva, tukapitia saa kwa saa. Hazikuibiwa. Ziliungua tukiwa tumesimama: mizani mojawapo ambapo tulikaa kuanzia usiku wa manane mpaka jua limechomoza, na zaidi ya hapo siku nzima na usiku wa kusukumana kuelekea Tunduma. Lita 85 kwa 3,448 ni shilingi 293,080. Ziliondoka kwa moshi, na hazikupeleka mfuko mmoja wa mbolea hata mita moja mbele.

Kumbukeni sasa namna barabara zetu zinavyolipiwa. Mwaka 2017 mliondoa ada ya mwaka ya leseni ya gari, ile tuliyozoea kuiita rodi laisensi, mkaweka shilingi 40 kwenye kila lita. Hoja ilikuwa nzuri na niliiunga mkono: anayetumia barabara zaidi alipe zaidi. Bajeti ya 2021/22 ikaongeza shilingi 100 kwa lita ili barabara za vijijini na mijini zipate fedha. Bajeti ya 2023/24 ikaongeza 100 nyingine kwa miradi mikubwa. Hizo tatu peke yake ni shilingi 240, juu ya tozo na ushuru uliokuwepo kabla. Msingi wa yote ni kwamba lita ni kipimo cha barabara niliyotembea. Lakini lita inayoungua kwenye foleni haijatembea popote. Imetozwa barabara, na barabara yenyewe haikuiona. Tena foleni hiyo imesababishwa na huduma ambayo mimi siiendeshi. Serikali inapata tozo nikitembea na inapata tozo nikisimama, kwa hiyo kusimama kwangu hakumuumi yeyote isipokuwa mimi, dereva, na mkulima wa Mbozi anayesubiri mbolea wakati mvua imeshanukia.

Simlaumu mpima mizani. Barabara ikiharibika, mimi ndiye wa kwanza kuvunja springi. Sheria ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito, ile ya 2016 tuliyoanza kuitumia hapa 2019, imeweka kikomo cha tani 56, na nakubaliana nacho kwa moyo wangu wote. Ninachoomba ni kwamba gari lililopimwa likaonekana salama, ambalo halijapakia wala kushusha, lisichukuliwe kama halijawahi kupimwa. Kutoka mizani ya Vigwaza kwenda ya Mikese, Wenda, Makambako, Uyole mpaka Mpemba, mzigo ni ule ule chini ya turubai lile lile, na gari linazidi kuwa jepesi kwa sababu mafuta yanapungua. Teknolojia ya kupima gari likiwa linatembea tunayo, Vigwaza ipo. Itumike kuchuja kila mahali: gari ambalo namba yake inaonyesha lilipita salama asubuhi, na sahani ya kupimia iliyo barabarani inathibitisha uzito haujaongezeka, lipite moja kwa moja. Anayepakia njiani ataonekana hapo hapo, huyo mvuteni pembeni.

Tunduma vilevile. Kituo cha pamoja cha mpakani cha Tunduma na Nakonde ya Zambia kilipozinduliwa Oktoba 2019 tulifurahi wote, na nia yake bado ni njema. Lakini gari langu linaloshusha mbolea Songwe halivuki mpaka, na bado linanasa kwenye mstari wa magari yanayokwenda Zambia na Kongo, kwa kuwa barabara ni moja na mstari umekaa juu yake. Magari yanayosubiri kuvuka yapangwe nje ya barabara, yaitwe kwa zamu. Madereva wanaokaa mle siku mbili na tatu nao watapata choo na maji. Nimeona watu wazima wakijisaidia nyuma ya tairi kwa siku mbili, jambo la aibu kwa nchi inayojivunia bandari.

Matuta niyaguse kwa haraka. Lile la mbele ya shule na zahanati libaki, liongezwe hata rangi usiku lionekane. Lakini yapo yaliyopangwa manne manne mahali ambapo soko lilihama zamani. Kusimamisha tani hamsini na kuzinyanyua upya kunakula mafuta kuliko kilomita kadhaa za tambarare. Pitieni mkiwa ndani ya lori, siyo ndani ya Landcruiser, mtaliona jambo hili ndani ya siku moja.

Nije kwenye malipo, maana hapa serikali inaweza kuanza na mikataba yake yenyewe bila kumsubiri mtu. Mbolea ya ruzuku husafirishwa. Mahindi ya akiba ya taifa husafirishwa. Saruji na nondo za miradi husafirishwa. Wekeni kifungu kimoja katika mikataba hiyo: bei ya kubeba itapanda na kushuka kwa kufuata bei kikomo ya dizeli ya mwezi husika. Kipimo hakihitaji kutafutwa, EWURA inakichapisha kila mwezi kwa kila wilaya. Dizeli ikishuka, mwenye mzigo atanufaika naye, nami sitanung'unika. Halafu ankara ilipwe ndani ya siku 30, na ikichelewa ilipwe na riba, kama benki inavyonitoza mimi nikichelewa siku moja. Serikali ikishaonyesha njia, ifanyeni iwe sheria kwa mikataba yote ya kubeba mzigo inayozidi mwezi mmoja. Mwenye lori dogo hawezi kulipigania hili peke yake ofisini kwa mtu, nimejaribu.

Kuhusu tozo, sitaki kuomba nisichoweza kukitetea. Nilikuwa miongoni mwa waliofaidika Juni 2022, serikali ilipotoa shilingi bilioni 100 za ruzuku na dizeli ya Dar es Salaam ikatoka 3,258 ya Mei ikawa 3,131. Kwa lita zangu 820 ilikuwa shilingi 104,140 kwa safari, na mwezi ule tairi mbili nilizipata hapo. Nashukuru mpaka leo. Lakini ruzuku hutolewa moto ukishawaka, na hakuna ajuaye itakwisha lini, kwa hiyo huwezi kupanga nayo. Ingekuwa bora tuambiwe mapema, ndani ya bajeti yenyewe: bei ikivuka kiwango fulani, sehemu ya zile tozo za lita itapungua kwa kiasi fulani, ikirudi chini, tozo itarudi. Iandikwe, ifuatwe, isitegemee huruma ya mwezi. Najua barabara za vijijini zinangoja fedha hiyo. Ndiyo maana nimeanza na zile lita 85. Mkizimaliza foleni, mtanipunguzia mzigo bila kugusa fedha ya barabara hata moja inayostahili kulipwa.

Wengine hutuambia tuhamie gesi. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa 1974, ni yetu, na ningependa kuitumia. Lakini vituo vya kujaza viko zaidi Dar es Salaam, na gari langu likishapita Ruaha Mbuyuni litajaza wapi? Jengeni vituo kwenye njia ya malori kwanza, nami nitakuwa wa kwanza kufunga mitungi.

Na kuna jambo dogo ambalo halionekani kuwa la mafuta, kumbe ni la mafuta kabisa. Nikirudi Dar es Salaam mara nyingi nabeba viazi vya Njombe. Nauli inahesabiwa kwa gunia. Gunia la sheria halizidi kilo 100, lakini linalopandishwa kwenye gari ni lumbesa, limeshonewa kilemba juu. Mkulima anapunjwa, hilo linasemwa kila mwaka. Lisilosemwa ni kwamba mwenye gari naye anabebeshwa kilo ambazo hazilipiwi, anaunguza dizeli kuzisafirisha, kisha anafika mizani anakutwa amezidisha na faini ni yake. Mnunuzi aliyeshona kilemba amelala hotelini. Wakati dizeli ilikuwa ya bei nafuu tulivumilia. Sasa kila kilo ya bure ina bei. Wakala wa Vipimo wakisimama kwenye maghala ya kupakia, kule mashambani, watamsaidia mkulima na watanisaidia mimi kwa siku moja hiyo hiyo.

Waheshimiwa, lori la pili bado liko juu ya mawe nyuma ya nyumba. Nyasi zimeshika kwenye ekseli. Yule kijana nilimsikia yuko Dar es Salaam anaendesha bajaji; hupiga simu sikukuu, na kila akipiga huuliza, "Mzee, gari letu vipi?" Analiita letu. Nimepiga hesabu mara nyingi: nikilipwa kwa siku 30, bei ya kubeba ikafuata ya dizeli, na nikaacha kuunguza lita 80 za foleni kwa kila safari, lile gari linarudi barabarani bila mkopo mpya.

Daftari langu lina safari zote, tarehe, lita, saa za kusimama, na risiti za pampu zimebanwa kwa pini. Lipo tayari kunakiliwa na yeyote mtakayemtuma, au niiteni nilete mwenyewe Dodoma. Kama mtapenda zaidi, kiti cha utingo kina nafasi. Mmoja wenu apande Dar es Salaam jioni twende naye mpaka Tunduma, aandike saa kwa mkono wake.

Naomba kuwasilisha.

Mwenye malori mawili,
Makambako, Njombe